Usiling'oe Dude Meno

Nachingwea, alasiri

Mwanangu Somoe,

Salamu zangu leo nazipitisha kwenye kalamu, ingawa wewe mwenyewe uko hapo uani, nakusikia unavyomcheka mama yako anapohangaika na kamba ya sanduku. Ningeweza kukuita tukae tuzungumze. Lakini unanijua baba yako. Nikitaka kusema jambo la maana mbele ya mtu, naishia kuulizia chumvi. Tena Kiswahili changu ni cha kujifunza ukubwani, hunikimbia nikikasirika na hunikimbia nikipenda. Kalamu hunisubiri. Basi hii uisome kesho ndani ya treni, na kama Mtwara itafika kabla hujamaliza, kosa ni la treni.

Habari za kula vizuri, kuheshimu wakubwa na kutoazima kanga za wenzio, mama yako amezisema tangu mwanzo wa juma, na ataendelea kuzisema mpaka stesheni. Mimi ninalo moja tu. Asubuhi nilikwenda jikoni kutafuta kaa la kuwashia sigara, nikakikuta kitabu chako cha picha za Dude kimelala kwenye kapu la vijiti vya kuwashia moto. Nikamuuliza mama yako kulikoni. Akasema, "Ameniambia nikiwashie moto. Eti huko chuoni hawataki mambo ya kitoto." Alisema bila kuniangalia, na moto wa asubuhi alikuwa ameuwasha kwa majani makavu, moshi umejaa jiko zima. Nikajua hakuthubutu kuchana hata ukurasa mmoja.

Najua neno hilo lilikotoka. Yule mwalimu mgeni, mama mpole, aliyekuja shuleni kuwaona wasichana wanaokwenda kusomea ualimu, alifungua kitabu chako kisha akakifunga. Akakwambia picha za watoto ziwe na maua, na kuku, na watoto waliooga. Simlaumu, alikutakia mema. Ila mimi nilikuwa nje natengeneza ngazi ya darasa siku ile, nikamwona alipotoka. Alikuwa amejishika shingo. Mtu hajishiki shingo kwa ajili ya mambo ya kitoto.

Ninachokuomba ni hiki: nenda kawe mwalimu, lakini Dude usiliache. Ukiliacha kwa kuwa umelichoka, sawa, kila kitu kina mwisho wake. Ukiliacha kwa aibu, nitaumia, na nitakueleza kwa nini. Itabidi turudi kwanza Chinongwe.

Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yamekutoka. Unajua desturi yetu, mwanamume huoa akahamia kwa wakwe. Mimi Mmakua, niliyevushwa Ruvuma mgongoni mwa baba yangu, nikaenda kuishi kwa Wamwera, kwao mama yako, nikajenga nyumba kando ya nyumba ya bibi yako. Na kwa adabu yetu mkwe wa kiume hasemezani na mama mkwe. Basi bibi yako akitaka kuniambia jambo alikutuma wewe, hata kama mimi nimekaa hapo hapo nashona jamvi na nimekwisha kulisikia.

"Somoe, mwambie baba yako mbuzi anakula mbegu."

"Somoe, mwambie bibi yako nimemwona."

Ulisimama katikati yetu, kichwa kinageuka huku na huku, na hata siku moja hukupeleka neno kama lilivyotumwa. Mbuzi mmoja alifika kwangu akiwa kundi zima, na ndevu juu. Nilicheka peke yangu nikasema, huyu niliyemzaa ni mtu wa hadithi.

Na hadithi zilikuwepo. Jioni tukishakula, bibi yako alisimulia ile ya Dude la Mbwemkuru, lililotoka mtoni likameza kijiji kizima, watu na kuku na mbwa, akabaki msichana mmoja aliyelipasua tumbo. Alipomaliza alipiga kofi moja chini, akaelekeza uso gizani akasema, "Nenda kwenu, nasi tulale kwetu." Hapo ndipo hadithi ilikuwa imefungwa, na Dude limerudishwa mtoni kwake. Kabla ya maneno hayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kunyanyuka mkekani. Na mchana hadithi zilikatazwa kabisa. Anayesimulia jua likiwaka huota mkia. Nakuambia ukweli, mimi mtu mzima niliwahi kusimulia kidogo shambani, nikajipapasa.

Sasa wewe ukachukua masizi ya chungu, ukayakoroga na mafuta ya nyonyo ambayo bibi yako aliyaweka kwa ajili ya magoti yake, ukalichora Dude ukutani kwake, kando ya mlango, kubwa kuliko mlango wenyewe. Nilirudi shambani nikakuta watoto wa mtaa mzima wamesimama mbele yake. Wanapiga kelele, wanakimbia hadi kwenye mhogo, wanarudi, wanapiga kelele tena.

Nimelitazama mara nyingi lile Dude kichwani mwangu, na mpaka leo nashangaa. Watu wakitaka kutisha huongeza pembe na makucha. Wewe hukuongeza kitu. Ulilipa uso wa mtu aliyeshiba, macho madogo yenye furaha. Meno yalikuwa yamepangwa vizuri, safi, kama ya mtu anayepiga mswaki. Mdomo wazi, na ndani yake ngazi ya kushukia. Chini kabisa, tumboni, watu wamekaa kwenye mkeka wanakula ugali, taa imewaka, mwanamke mmoja anamsuka mwenziwe nywele.

Bibi yako alikuja, akatazama juu, akatazama chini. Kisha akauliza, "Mbona hawalii?"

Ukamjibu, "Wamezoea, bibi."

Mwanangu, hujui ulisema nini siku ile. Neno hilo lilizunguka Chinongwe kabla jua halijazama. Miaka ile wanaume walikuwa wanakwenda huku Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, wengine wanakwenda kukata mkonge. Walituma salamu, baadaye wakatuma salamu chache, baadaye wakanyamaza. Kina mama walipita uani kwetu wakijifanya wanakuja kuomba moto, wakalitazama lile tumbo, wakaondoka bila moto. Watoto waliliogopa kwa makelele na kicheko. Watu wazima waliliogopa kimya kimya.

Bibi yako alikuwa na hofu yake mwenyewe. Alimwambia mama yako, nami nasikia, "Hadithi ya mdomoni unaisema, unaifunga, mnalala. Hii imekaa mchana kutwa na mdomo wazi. Nani ataifunga?" Akaamuru ukuta ukandikwe. Mama yako na shangazi zake wakaleta udongo mweupe, wakaupaka wakaulainisha kwa mikono, ukuta ukang'aa. Wewe ulikaa kando unatafuna muwa, hukulia. Nilidhani umekubali. Kumbe ulikuwa unangoja.

Siku kidogo zikapita. Niko ndani napumzika, nikasikia mtu ananiita. "Mkwe! Mkwe, toka uone!" Nikatoka mbio nikidhani nyumba inaungua, kwa sababu aliyeita alikuwa bibi yako, ambaye tangu nimuoe binti yake hakuwahi kunielekezea neno. Hata hapo adabu haikumtoka yote, alikuwa amejifunika kanga usoni, mkono mmoja unaonyesha ukuta. Udongo ulikuwa umebanduka. Haukubanduka ovyo, ulibanduka pale pale palipo na masizi, kwanza macho, kisha meno moja moja, kisha ngazi na wale watu na ugali wao. Dude limerudi, tena safari hii limeingia ndani ya ukuta, limekuwa na kina.

Sababu niliijua. Udongo haushiki penye mafuta, kila aliyewahi kukandika nyumba anajua hilo, na wewe uliyekunywa hadithi na kazi za nyumba kwa pamoja ulilijua pia. Nikafungua mdomo nimweleze mkwe wangu habari ya mafuta ya nyonyo. Nikajikuta nimerudi nyuma mpaka mgongo umegusa ghala. Niliijua sababu, na bado niliogopa! Hapo ndipo nilipoanza kukuheshimu, mtoto wa kunifika kiunoni. Kumtisha asiyejua hakuna ufundi. Wewe ulimtisha anayejua.

Ukatoka na muwa wako, ukamwona bibi yako anavyotetemeka, uso wako ukabadilika. Ulikuwa hukutaka kumuumiza. Ukaenda mbele ya ukuta, jua la mchana linawaka, ukapiga kofi chini, ukaliambia Dude, "Nenda kwenu, nasi tulale kwetu." Bibi yako akashusha kanga taratibu. Akakohoa. Halafu akarudi kwenye adabu yake, akasema, "Somoe, mwambie baba yako huyu mtoto asipigwe."

Wala hakuamuru ukuta ukandikwe tena. Ila tangu hapo kila jioni, kabla ya kuingia ndani, alisimama mbele ya Dude akalifunga kwa maneno yale, hata siku ambazo hakusimulia kitu. Nadhani walizoeana.

Mwaka uliofuata na mimi nikaondoka. Hilo unalijua, halikuwa siri kwa mtu. Nilikuja huku kufyeka pori la karanga, nikasema nitarudi wakati wa mavuno. Mavuno yakaja, nikawa nimepata kazi ya kujenga nyumba za wakubwa, najifunza uashi, mkono unapendeza. Nikasema mavuno yajayo. Ubaya wa kambi ni kwamba hakuna ubaya ndani yake. Kuna posho ya unga na maharage, kuna wenzako wa kucheza nao bao, kuna mtu wa Newala anayepiga ngoma Jumamosi. Mama yako alinitumia salamu kwa kila aliyepita. Bibi yako alinitumia maneno kupitia kwa mjomba, na ukali wa maneno yale sitauandika hapa kwa kuwa bado ni mkwe wangu. Niliitikia yote. "Waambie naja." Nilikuwa mtu mzuri sana wa kuitikia.

Nilipokuja hatimaye, nimebeba sukari na kitenge, uliinuka ukaniamkia kama unavyowaamkia wageni. Nikaenda kulitazama Dude, kwa kuwa nilikuwa nimelikumbuka, na kwa kuwa ni rahisi zaidi kutazama ukuta kuliko kumtazama mama yako. Nikaona tumboni pameongezeka mtu. Amekaa mkekani na wenzake, mkono umo ndani ya ugali, shavu limejaa, kichwani ana kofia ya turubai iliyochanika ukingo.

Ile kofia nilikuwa nimeivaa, ile ile niliyoondoka nayo.

Nikakuuliza, "Huyu nani?"

Ukasema, "Fundi."

"Na yeye amezoea?"

Ukanitazama, ukaitazama kofia, ukafikiri kwa haki kabisa, kama hakimu. Ukasema, "Bado kidogo."

Nimekwisha kukemewa na wengi maishani, mwanangu. Nimekemewa na baba yangu, na masheikh, na wasimamizi wenye sauti za kupasua ngoma. Hakuna aliyewahi kunifikia hapo uliponifikia wewe kwa masizi na mafuta ya magoti. Ungenichora nalia, ningejihurumia nikarudi kambini nimefarijika. Ungenichora naliwa na meno, ningecheka. Ulinichora ninakula, nimeshiba, taa imewaka. Nilirudi Nachingwea nikaenda moja kwa moja kumwomba msimamizi nafasi ya kukaa na familia, nikamsumbua mpaka akachoka na mimi. Ndivyo mlivyokuja huku. Watu husema niliwaleta kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Kazi ilikuwa nzuri tangu zamani. Aliyewaleta ni Dude.

Huku hapakuwa na ukuta wa kuchora, kuta zilikuwa za wenyewe. Nikakuletea mifuko ya saruji. Karatasi ya nje ina vumbi, lakini za ndani ni safi, nilizikung'uta nikazikata kwa kisu, mama yako akazishona kwa sindano ya magunia. Nakumbuka ulivyozinusa. Ukalichora Dude upya, ukurasa kwa ukurasa, tangu linatoka mtoni mpaka tumbo linapasuka. Jioni ulikaa barazani, na watoto wa kambi wakaja. Huyu Mmakonde, huyu Myao, yule mama yake ametoka ng'ambo ya Ruvuma juzi, na Kiswahili cha wote ni cha kuazima kama changu. Hadithi ya mdomoni wangeisikia nusu. Kitabu chako walikielewa chote. Walipiga kelele kwa sauti moja, tena kabla hujafunua ukurasa, kwa sababu walikwisha kujua kinachokuja na ndicho walichokitaka. Niliona mtoto aliyempiga mwenziwe mawe asubuhi amemshika mkono jioni, wameng'ang'aniana hasa.

Na hapo na mimi nilifanya kama yule mwalimu mgeni. Mama Fatu jirani yetu alikuja na mkeka uliolowa. "Baba Somoe, tazama. Mtoto wangu anaona Dude usiku kucha. Mkanye binti yako." Nikaona haya, mimi mgeni mtaani. Nikakuomba ulitengeneze Dude la upole. Ling'oe meno, nikakwambia, lifanye linagawia watoto karanga. Hukubisha. Ulilichora vile vile nilivyosema, halina meno, limebeba kapu, linacheka kwa ufizi. Watoto wakaja wakakaa. Ukafunua. Kimya. Mmoja akaanza kujikuna, mwingine akaondoka. Na yule yule mdogo wa Mama Fatu aliyelowesha mkeka akasogea karibu, akaliangalia kwa huruma, akauliza, "Linaumwa?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba kucheka mpaka machozi yakanitoka. Mama Fatu mwenyewe ndiye aliyekuja kesho yake kusema, "Baba Somoe, lirudishie Dude meno. Mtoto hataki kulala bila kuogopa kidogo." Na mkeka akaacha kuulowesha, sijui kwa nini, wala sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba alipoliogopa, aliliogopa akiwa amekaa kwenye paja lako, na wewe ulipofunga kitabu ulipiga kofi chini kama bibi yako. Mtoto anayeogopeshwa na mtu anayempenda haogopi peke yake.

Kwa hiyo watakapokuambia huko kwamba watoto wanataka maua, wachoree maua, maana mwanafunzi hubishana na mwalimu wake akishapata cheti. Kuku pia ni kiumbe wa Mungu. Lakini usije ukaamini kwamba maua ndiyo ya kweli na Dude ni upuuzi. Ulituona vizuri kuliko tulivyojiona wenyewe, ukatuonyesha bila kutudhihaki. Mimi nimejenga nyumba nyingi hapa Nachingwea, na nikipita mbele yake najivuna, lakini hakuna hata moja iliyowahi kumfanya mtu arudi kwa watoto wake. Naona fahari, Somoe. Naiandika kwa kuwa nikisema nitaulizia chumvi.

Kitabu kimo sandukuni, chini, kimefungwa ndani ya kanga ya mama yako. Ndiyo maana anahangaika na kamba sasa hivi, anaogopa utafungua. Ukikichoma huko, ukichome mwenyewe kwa mkono wako. Sisi tumeshindwa.

Kesho mama yako atataka kukuaga kwa maneno mengi, mvumilie. Mimi nitanyamaza. Maneno ya bibi yako ya "nenda kwenu" siwezi kukuambia wewe, maana kwenu ni hapa, na hadithi hii sitaki kuifunga.

Jambo la mwisho. Ukurasa wa nyuma kabisa ulikuwa umeuacha mtupu, nikauchukua. Usicheke, mkono wangu umezoea saruji. Huo uliopinda ni mlango wetu. Hao wawili mkekani, wasio na shingo, ni mimi na mama yako. Ni kesho jioni. Wewe mmoja tuliyejaliwa umeondoka, na sisi tunakula ugali, taa imewaka, hatulii.

Usije ukadhani tumezoea.

Ni mimi baba yako,
Fundi